Tumebarikiwa Tangu Juzi

Mmeniuliza sana kwenye grupu, wengine mmenipigia kabisa, ilikuwaje niondoke kwenda Mara na watu wa kanisa, halafu nirudi peke yangu kwa basi kabla safari haijaisha. Nimechoka kujibu vipande vipande. Naandika mara moja, mwenye kusoma asome mpaka mwisho. Habari za tiketi na vibali sitaziandika, hazina ladha.

Kwa wasiojua: nilipomaliza shule nilitumikia Mwaka wa Utume. Ni utaratibu wa kundi letu la dini, ambalo jina lake nalihifadhi kwa sababu mama yangu bado anasali huko. Vijana wanajitolea mwaka mzima, wanapelekwa mbali na kwao, wanahubiri nyumba kwa nyumba na kulima mashamba ya kundi. Mimi nilipelekwa Mara, pamoja na Sabina, ambaye siku hizi anasuka nywele Mwanza, na Elisha, anayeuza spea za pikipiki Kahama. Tulirudi tumekonda, na baadaye tukaachana na kundi mmoja mmoja, kimya kimya, bila kugombana na mtu.

Miaka imepita, hakuna aliyetujulia hali. Ghafla tunaitwa sote watatu kwenye kitu kinachoitwa Safari ya Shukrani. Tutapelekwa kwenye vituo vyetu vya zamani, tutalishwa, tutalazwa, na tutatoa ushuhuda utakaorekodiwa kwa simu ili wazazi wa vijana wapya wauone. Nilipousoma ule mwaliko nikahisi kuna namna. Watu hawa hawakuwahi kuniuliza hata kama nilipona ugonjwa ulioniangusha huko.

Nilikwenda kwa ajili ya Tumaini, mdogo wangu wa mwisho. Amemaliza kidato cha sita na anataka kwenda huo Mwaka wa Utume kuliko anavyotaka chuo. Mimi nimempinga mpaka sauti imekauka, yeye anasema nina chuki. Mama, ambaye ni mtu wa Amina, ukimwambia mvua imenyesha anasema Amina, ukimwambia kuku ametotoa anasema Amina, safari hii alikata shauri kama hakimu. Akaniambia: "Nenda kaone kwa macho yako. Ukirudi ukasema kuzuri, mdogo wako aende. Ukisema kubaya, abaki." Tumaini akakubali. Begi lake lilikuwa tayari chini ya kitanda.

Musoma

Tulipokelewa stendi ya Musoma na Mlezi Gideoni. Mlezi ndilo jina la anayewasimamia vijana katika mkoa. Huyu ni kijana wa Dodoma, shati jeupe, viatu havina vumbi, mpole wa kupitiliza. Alitushika mikono kwa mikono yake miwili na kutuita "watumishi wetu wakongwe". Nilimuuliza yeye alitumikia mwaka wake wapi. Akasema hakubahatika, alikwenda chuo cha uchungaji moja kwa moja. Nikaliweka hilo akilini.

Nyumba ya vijana pale Musoma ni ile ile tuliyoijua, mtaa ule ule, lakini ndani sikuitambua. Magodoro mapya, ya bluu. Gunia la mchele limesimama mlangoni, mahali ambapo mgeni hawezi kulikosa. Mezani chupa ya chai nyekundu yenye picha ya waridi. Gideoni akatuambia mambo yamebadilika sana, na akatuomba tukae popote. Nikakaa kwenye godoro. Lilikuwa na alama ya pasi, limeungua umbo zima la pasi, ncha inaelekea ukutani. Mtu alikuwa amenyooshea nguo juu yake.

Sabina aliangalia dari, akaangalia magodoro, akaninong'oneza, "Sisi hapa tulilalia maboksi ya sabuni, si ndiyo?" Nikamwambia ndiyo.

Vijana watatu wa kituo hicho walisimama mstari mmoja kutusalimia. Elisha akawauliza wanaendeleaje. Wakajibu kwa pamoja, "Tumebarikiwa." Sabina akanifinya mkono mpaka ukaniuma.

Hapa lazima niwaeleze hilo neno, maana safari yote inaning'inia hapo. Mwaka wetu sisi ilikatazwa kusema una njaa. Kulalamika kulihesabiwa kuwa ni kumdharau Mungu. Elisha alisema ana njaa wiki za mwanzo, mbele ya mlezi wa wakati huo, akaamriwa afunge ili roho yake ijifunze. Tangu hapo tukawa mabubu. Lakini kila asubuhi kwenye maombi kila mtu alitakiwa ataje baraka zake, na Sabina, ambaye ulimi wake haujui kupumzika, asubuhi moja akainuka akasema, "Namshukuru Mungu, nimebarikiwa tangu jana asubuhi." Alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana asubuhi. Mlezi akasema Amina. Sisi tukainamisha vichwa, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Basi kubarikiwa ikawa ndiyo njaa. Kubarikiwa sana ikawa njaa iliyofika kwenye ugonjwa. Tuliongea hivyo shambani, tuliongea hivyo mbele ya walezi, na mara moja kwa mwezi tulipopewa simu tuwasalimie wazazi, mlezi amesimama pembeni anasikiliza, tuliongea hivyo hivyo kwa mazoea. Vijana waliokuja kupokea vituo vyetu tuliwaachia neno hilo pamoja na majembe.

Kwa hiyo wale watatu waliposema wamebarikiwa, mimi na Sabina tulishtuka. Elisha akatupoza tulipotoka nje. Alisema kila mlokole nchi hii anasema amebarikiwa, hata konda akiachiwa chenji anabarikiwa. Siri yetu ilikuwa kwenye "tangu". Hakuna mtu wa kawaida anayesema amebarikiwa tangu saa fulani. "Mkisikia tangu, nishtueni," akasema. Akaenda kula wali, na mimi nikala, mwingi tu, lakini nikiwa naangalia lile gunia.

Musoma hadi Mugango

Tulitakiwa kuondoka asubuhi. Asubuhi ikaja, Noah ya kukodi ikaja, dereva wake Mzee Wambura akaja na kofia yake ya sufi hata joto liwe vipi, ila safari haikuja. Gideoni alituombea. Alipomaliza akasema tuimbe. Tulipomaliza kuimba akakumbuka ushuhuda wa mtu wa Tarime. Wakati huo wote mlango wa uani ulikuwa unafunguliwa na kufungwa, na nilisikia pikapu inawashwa na kuondoka. Ndipo ushuhuda wa mtu wa Tarime ulipofika mwisho.

Mugango tulimkuta Bibi Nyangeta yuko hai. Nilimwona nikalia, siwafichi. Nyumba yake iko karibu na ziwa, hatua chache kutoka kituo cha vijana, na mwaka ule aliishi peke yake na kuku. Tulimpa shikamoo, akatuangalia mmoja mmoja kama anayechagua samaki, kisha akacheka. Alituwekea ugali wa udaga, ule unga wa muhogo, na sato wa kuchemsha aliyetoka majini asubuhi, na ndizi mbivu juu yake. Gideoni alikuwa ameagiza soda, bibi akaziweka kando akisema soda haijazi mtu.

Gideoni akawasha simu yake, akamwomba bibi awaeleze wazazi jinsi alivyotufahamu sisi watumishi.

"Hawa?" bibi akasema. "Hawa walikuwaga wanakuja hapa kuniomba ukoko. Huyu mrefu alikuwaga anakula mpaka magamba ya samaki."

Elisha, ambaye ndiye mrefu, akatazama ziwa. Gideoni akashusha simu kwa upole, akasema bibi amekuwa mcheshi. Akamuuliza tena, kwa sauti ya kumwongoza, kama vijana wa siku hizi hawajitoshelezi. Bibi akasema hata hawa wa sasa wanakujaga. Gideoni akatugeukia akatutafsiria Kiswahili kwa Kiswahili, kwamba bibi anamaanisha zamani walikuwa wanakuja, ni lugha ya huku, tena umri nao unachanganya miaka. Sasa mimi nimekaa Mara mwaka mzima. Mtu wa kule akisema wanakujaga, maana yake ni kwamba huwa wanakuja, ndiyo desturi yao, na kesho utawaona. Nikamuuliza bibi taratibu, kwani leo wamekuja?

"Leo hawajaja," akasema. "Leo asubuhi gari imeleta chakula."

Gideoni akasema tuombe tuondoke, barabara si nzuri. Ndani ya kituo cha vijana tulipita haraka haraka. Niliona bluu ya magodoro kwa mbali, sikupata nafasi ya kukaa.

Mugango hadi Butiama

Ndani ya gari Sabina alisinzia na Elisha akajifanya amesinzia. Mimi nilikaa mbele na Mzee Wambura, ambaye haongei mpaka umuulize, na ukimuuliza anafikiria kwanza. Nilimuuliza ile pikapu nyeupe iliyotupita pale njia panda ni ya nani. Akafikiria mpaka tukamaliza mlima. Akasema yeye amekodiwa kuendesha, hajakodiwa kuona. Nikajua ameona.

Butiama tulifika vumbi limetugeuza rangi. Hapo kulitokea kichekesho. Tulipokuwa tunashuka, Gideoni na shati lake jeupe na mkoba wake, mzee mmoja alitufuata na ng'ombe wawili wamefungwa kamba, akawasogeza mpaka mbele ya Gideoni, akamwambia mmoja ni mkali ashikwe pembe. Gideoni akampa mkono na kumwambia Bwana anampenda. Yule mzee akasema asante, ila aanze na huyu mwekundu. Walizungumza hivyo muda mrefu tu, mmoja akiamini mwenzake ni mtu wa chanjo kutoka wilayani, mwingine akiamini analetewa sadaka. Mzee Wambura ndiye aliyewatenganisha, kwa lugha yao ya nyumbani, na yule mzee akaondoka na ng'ombe wake huku akinung'unika kwamba amepotezewa siku.

Tulicheka. Gideoni naye alicheka mpaka akatoa miwani, na kwa muda ule nilimpenda. Kisha tukaingia kituoni. Godoro la kwanza karibu na mlango lilikuwa na alama ya pasi.

Niliinama nikaipapasa. Umbo zima la pasi, ncha safari hii inaelekea mlangoni. Nikasema labda ni mkosi wa kiwanda. Nikaangalia mezani. Chupa ya chai nyekundu, waridi juu yake. Nikamwita Sabina kwa jicho, naye akaona. Elisha alikuwa anakula ugali wa mtama na maziwa ya mgando kwa mwenyeji wetu, na tulipomnong'oneza alisema tumwache amalize, kwa sababu akishakasirika maziwa hayashuki.

Baada ya kula Gideoni akamrekodi Sabina. Sabina akasema kwamba walikuwa wanaamka mapema, wanakwenda shamba, wanarudi jikoni hakuna kitu, wanaimba wanalala. Gideoni akamwomba arudie bila jikoni, kwa sababu jikoni itawachanganya wazazi. Sabina akarudia: waliamka mapema, wakaenda shamba, wakaimba. Gideoni akasema hapo sasa. Ilipofika zamu yangu nikasema mimi nitatoa ushuhuda wangu Mugeta, kituo cha mwisho, ambako niliugua. Akasema ni vizuri, itakuwa na uzito.

Moyoni nilikuwa na hasira, lakini nilikuwa na wasiwasi zaidi. Godoro linaweza kusafiri na bado vijana wakawa wanakula. Nikirudi nimwambie mama nini, kwamba nimeona alama ya pasi mara mbili? Tumaini angenicheka mpaka jioni.

Butiama hadi Bunda

Kesho yake, Bunda ilikuwa ni mahali pa kula mchana na kupita. Tulikula kwenye mgahawa jirani na stendi, nyama ya mbuzi ya kuchoma na ndizi, na lazima niseme ukweli, ilikuwa tamu. Ila chakula kiliisha, sahani zikaondolewa, mikono ikanawiwa, na Gideoni hana dalili ya kunyanyuka. Alitoka nje na simu, akarudi, akaagiza soda nyingine kwa kila mtu. Akatoka tena. Nilimwona dirishani anazungumza na simu huku ameshika kiuno, anaonekana anamfokea mtu kwa upole, kama anavyofanya kila kitu. Akarudi akauliza nani anapenda supu.

Elisha akamjibu kwamba supu huja kabla ya nyama.

Aliyetuokoa ni Mzee Wambura. Aliingia, akavua kofia, kitu ambacho hakuwahi kukifanya safari nzima, akasimama mbele ya meza.

"Mlezi, ile mvua ya kule si ya kutania," akasema. "Korongo inajaaga haraka. Ikijaa, mimi nalala huku na nyie mnalala ng'ambo, na gari ya watu ninarudisha kesho kwa maelezo gani?"

Gideoni akasema tusubiri kidogo tu. Mzee Wambura akasema kidogo imeshapita, akatoka akawasha gari. Sisi watatu tukanyanyuka kwa pamoja bila kuambiana. Gideoni hakuwa na la kufanya, akalipia supu ambayo hakuna aliyeinywa, akatufuata.

Bunda hadi Mugeta

Tukaenda na njia ya vumbi, mashamba ya pamba huku na huku, wingu jeusi mbele yetu. Baada ya mwendo kidogo tukaiona ile pikapu nyeupe. Imeegeshwa pembeni, gurudumu moja la nyuma halipo, kijana amekaa juu ya jiwe anasubiri. Mzee Wambura akapunguza mwendo, taratibu, taratibu kabisa, mpaka tukawa tunatembea sambamba nayo. Nyuma ya pikapu, magodoro ya bluu yamefungwa kamba, la juu kabisa lina alama ya pasi. Gunia la mchele. Chupa ya chai imechomekwa katikati ya magodoro isivunjike.

Mzee Wambura akaongeza mwendo. Gideoni alikuwa kiti cha nyuma, na kwenye kioo niliona amefumba macho. Sabina akaanza kucheka, kicheko kibaya, akashindwa kujizuia mpaka akalia.

Mugeta mvua ilikuwa bado haijaanguka. Kituo ni nyumba ya vyumba viwili kando ya shamba la pamba la kundi. Binti mmoja alitoka shambani mbio, mikono imechubuliwa na pamba, kanga imekazwa kiunoni. Aliitwa Anitha. Gideoni, nadhani kwa kutojua afanye nini kingine, akainua simu yake akaanza kurekodi, akamuuliza kwa sauti yake ya furaha, mtumishi unaendeleaje?

Binti alinyooka kama mwanafunzi. Akatabasamu.

"Tumebarikiwa, mtumishi," akasema. "Tumebarikiwa tangu juzi."

"Amina," akasema Gideoni. Na kwa kuwa mtandao ulikuwepo, akaituma ile video hapo hapo kwenye grupu la wazazi. Nilimwona anaituma.

Elisha aliyeniambia nimshtue, hakuhitaji kushtuliwa. Alikuwa tayari ameshika mlango wa gari. Nikamsogelea yule binti, nikamsalimia, nikamuuliza kama watu wazima wanavyoulizana habari za mavuno: "Na nani amebarikiwa zaidi?"

Tabasamu likamtoka. Alinitazama, akamtazama Sabina, akaelewa sisi ni akina nani. Sauti ikashuka.

"Mwenzangu Pendo," akasema. "Amebarikiwa sana. Yuko ndani."

Nilikijua chumba cha nyuma kabla sijaingia. Ndicho nilichougulia mimi. Pendo alikuwa amelala juu ya magunia matupu ya pamba, amejifunika kitenge, mwili unawaka moto. Alipotuona alijaribu kukaa ili atusalimie, akashindwa. Jikoni mafiga yalikuwa ya baridi. Ndani ya sufuria kulikuwa na maji na majani ya kunde, basi.

Elisha alimbeba mikononi mpaka kwenye gari. Zahanati haikuwa mbali, na mvua ilianza tukiwa mlangoni. Muuguzi alimpima akasema ni malaria na mwili hauna nguvu ya kupigana nayo, akatugombeza sote bila kubagua kwamba tumemchelewesha. Akauliza mgonjwa amekula nini. Anitha akaangalia chini. Sabina ndiye aliyejibu kwamba hajala, akaondoka na mwavuli wa muuguzi kwenda kutafuta uji.

Nilikaa na Gideoni kwenye benchi. Shati lake lilikuwa limelowa, viatu vimejaa tope. Kwa mara ya kwanza hakuwa na sauti ya kuongoza.

"Dada Yunis," akasema, "hata nyumbani mgeni akija si unaazima sahani kwa jirani? Nilitaka msione aibu yetu. Sikujua kama wamefika hapa. Kwa nini hawakuniambia?"

Nikamwambia sahani ya kuazima angalau huwekwa chakula, yeye aliazima chakula chenyewe. Na Elisha, aliyekuwa amesimama dirishani, akasema bila kugeuka: "Mimi nilisemaga njaa. Nikafungishwa."

Gideoni hakuelewa. Tukamweleza neno lile, maana yake na lilivyozaliwa. Alisikiliza, kisha akatoa simu yake akaanza kupekua ujumbe wa vijana wake wa vituo vyote, mmoja baada ya mwingine, na kadiri alivyosoma ndivyo kichwa kilivyozidi kuinama. Sikumuuliza amesoma nini. Baadaye aliniahidi atawaandikia wakubwa, na akaniomba nisiseme kwa watu mpaka walitengeneze wenyewe. Sikumwahidi kitu. Inawezekana atawaandikia kweli. Inawezekana pia sasa hivi ile pikapu imepata gurudumu jipya.

Pendo homa ilimshuka siku iliyofuata, akanywa uji wa ulezi, akaomba wa pili. Sabina alibaki naye mpaka kaka yake Pendo alipokuja kumchukua, na Anitha akaondoka nao. Elisha alirudi Kahama bila kutoa ushuhuda. Nami sikutoa wangu. Mzee Wambura alinirudisha Bunda, akakataa nimlipe, akasema kofia yake imeshuhudia mengi ila hilo lilikuwa jipya.

Nyumbani

Njiani sikupiga simu. Mambo haya niliona ni ya kusema uso kwa uso. Nilifika mchana, mama yuko uani anapepeta alizeti. Tumaini alinipokea begi langu huku anarukaruka. Akaniambia wameiona video ya Mugeta, yule dada anayetabasamu katikati ya pamba, wameiangalia mpaka mama akatokwa na machozi. Begi lake la safari lilikuwa limetoka chini ya kitanda, limesimama mlangoni.

Akaiwasha tena ili na mimi nione. Sauti ya Anitha ikasema wamebarikiwa, wamebarikiwa tangu juzi.

"Amina," akaitikia mama.

Nikamwambia mama asiitikie kwanza. Nikakaa chini, nikawaeleza neno lile kama nilivyowaeleza ninyi, nikawaeleza habari za Pendo na magunia, magodoro na gurudumu. Tumaini aliirudisha ile video nyuma, akaisikiliza tena ameiweka sikioni. Hakubishana nami. Alinyanyuka, akalichukua begi, akaingia nalo ndani, na nikasikia zipu inafunguliwa na nguo zinatolewa moja moja.

Mama aliendelea kupepeta. Halafu ungo ukasimama.

"Na wewe," akaniuliza, "ulipokuwa unanipigiaga simu?"

Nilijua anakokwenda, na sikuwa na pa kumzuilia.

"Ulikuwa unasema, mama nimebarikiwa sana, tangu Jumapili. Mimi nikajua ni ibada ya Jumapili ilikuwa nzuri. Nikawaambia na majirani. Kila mwezi mtoto wangu ananiambia ana njaa, na mimi namwitikia Amina."

Nilimwambia hakujua, na nisingeweza kusema wazi na mlezi amesimama pale. Sidhani kama alinisikia. Aliweka ungo chini, akajikung'uta kanga, akaenda jikoni kuwasha moto. Nilimfuata nikamwambia nimekula njiani, nimeshiba kabisa. Akaniambia nikae. Akainjika ugali, na mimi nikakaa, nikala wote.